Maswali ya Wasomaji: Kabla ya Tambi, Uliza Supu

Tangu tulipoandika katika toleo lililopita juu ya chakula cha safarini, tumepokea barua nyingi kutoka Tanga, zaidi kutoka kwa watu wanaojiandaa kwenda Asia kwa biashara, kwa mafunzo au kumtembelea jamaa. Karibu wote wanauliza jambo moja: mtu wa pwani, aliyezoea chakula cha nazi na anayejali namna nyama ilivyochinjwa, ataingiaje katika migahawa ya tambi ya miji mikubwa na kutoka ameshiba na moyo wake umetulia? Msimamo wetu tunauweka wazi mapema. Katika migahawa hii tambi zenyewe ni nadra kuwa na tatizo, kwa sababu ni unga wa ngano au wa mchele na maji. Kinachoamua ni supu, na msafiri anayejua kuuliza habari za supu atapata milango mingi iliyo wazi kuliko anavyodhani.

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mfanyabiashara wa vifaa vya umeme, na mwezi wa kumi nitakwenda Guangzhou kwa mara ya kwanza kuangalia bidhaa. Wenzangu waliotangulia wamenishauri nijaze begi biskuti na pakiti za Indomie, kwa kuwa huko kila bakuli la tambi lina nguruwe. Je, ni kweli?
Mfanyabiashara, Ngamiani

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yetu. Ni kweli kwamba nguruwe ndiyo nyama inayoliwa kuliko nyingine zote nchini China, na kwamba mafuta yake na mifupa yake huingia hata katika vyakula ambavyo kwa macho vinaonekana kuwa vya mboga tu. Hata hivyo, China hiyo hiyo ina mamilioni ya Waislamu, na miongoni mwao ni Wahui, ambao chakula chao maarufu kuliko vyote ni bakuli la tambi. Hizi ni tambi za ng'ombe za Lanzhou, mji mkuu wa jimbo la Gansu lililoko kaskazini-magharibi, na mwanzo wa bakuli hilo kama linavyojulikana leo huhusishwa na Mhui aitwaye Ma Baozi, mwaka 1915. Siku hizi hakuna mji mkubwa wa China usiokuwa na migahawa ya namna hiyo, na mingi iliyo nje ya Lanzhou huendeshwa na familia za Waislamu kutoka wilaya ya Hualong, jimbo jirani la Qinghai.

Ukiingia, simama kidogo umtazame mpishi, kwa kuwa kazi yake inastahili kutazamwa. Huchukua donge la unga lililokandwa kwa maji yenye magadi, ambayo zamani yalipatikana katika majivu ya mmea wa jangwani, akalivuta kwa mikono miwili, akalikunja na kulivuta tena. Kila anapokunja, idadi ya nyuzi huongezeka maradufu, hata akifika mkunjo wa 8 huwa na nyuzi 256 zilizotokana na donge moja, na zote huingia katika maji yanayochemka hapo hapo. Magadi ndiyo yanayozipa tambi rangi ya manjano na uwezo wa kuvutika bila kukatika. Utaulizwa unazitaka za unene gani, kuanzia nyembamba mno hadi pana kama mkanda; sisi tungekushauri uanze na zile za wastani, kwa sababu nyembamba sana hulainika upesi na zile pana humlemea asiyezoea vijiti vya kulia. Bakuli lililotengenezwa vizuri lina supu safi inayoonyesha chini, figili nyeupe, mafuta mekundu ya pilipili, majani mabichi ya kotmiri na ya kitunguu saumu, na tambi za manjano. Supu yake huchemshwa kwa mifupa na nyama ya ng'ombe pamoja na viungo, na mtu aliyekulia pwani ataitambua harufu yake, kwa kuwa mdalasini na tangawizi vimo.

Kuhusu kuutambua mgahawa, tunakuomba uwe makini. Mingi huandika neno halali kwa Kiarabu juu ya mlango, na kila aliyesoma chuoni utotoni atalisoma bila taabu. Lakini katika baadhi ya miji, Beijing ukiwemo, serikali imeagiza maandishi ya Kiarabu yaondolewe katika vibao vya migahawa, kwa hiyo usiyategemee peke yake. Jifunze pia maandishi mawili ya Kichina yanayosomwa qingzhen, 清真, yahifadhi katika simu yako, na uyatafute juu ya mlango kabla ya kuketi. Jina la Lanzhou peke yake halitoshi, kwa kuwa yeyote anaweza kuliandika. Mgahawa wa Waislamu wa kweli kwa kawaida hauuzi pombe, na wengi hawataki hata mteja aingie nayo.

Huko Guangzhou, mtaa wa Xiaobei umezoea wageni kutoka Afrika kwa miaka mingi, na humo utakuta pia vyakula vya Wauighuri wa Xinjiang. Hao wana tambi nene ziitwazo laghman, ambazo huliwa na nyama ya kondoo, nyanya na pilipili hoho, na wana pilau ya kondoo na karoti ambayo hutahitaji kufundishwa namna ya kuila. Misikiti nayo ni dalili njema, kwa kuwa penye waumini wengi hapakosi chakula chao: upo Huaisheng, ambao ni miongoni mwa misikiti mikongwe kabisa ya China, na upo ule ulio karibu na kituo cha zamani cha reli, penye kaburi ambalo mapokeo yanalinasibisha na sahaba Saad bin Abi Waqqas.

Jambo la mwisho ni malipo. Wauzaji wengi hupokea pesa kwa simu, na mara nyingi hata kuagiza hufanyika kwa kupiga picha alama iliyobandikwa mezani. Tangu mwaka 2023 mgeni anaweza kuunganisha kadi yake ya Visa au Mastercard na programu za Alipay au WeChat, na ni vyema ukalifanya hilo ukiwa bado Tanga. Pakua pia programu ya kutafsiri inayofanya kazi bila intaneti, kwa sababu huduma za Google zimezuiwa huko. Maonyesho ya Canton, yaani maonyesho makubwa ya biashara ambayo yamekuwa yakifanyika mjini humo tangu mwaka 1957 na ambayo yale ya pili ya mwaka huanza Oktoba, hujaza watu mjini, basi nenda ukale kabla ya saa sita mchana au baada ya saa nane. Chukua biskuti za njiani ukipenda, ila begi liache kwa ajili ya sampuli za bidhaa.

SWALI: Mwanangu anasoma Kuala Lumpur na amenialika nikakae naye kwa muda. Ananiambia kwamba huko watu hula tambi tangu asubuhi, nami asubuhi yangu ni chai na vitumbua. Aidha, amesema mikahawa mingine ina tangazo kwamba haitumii nguruwe. Je, tangazo hilo linatosha?
Mama wa mwanafunzi, Raskazone

JIBU: Shikamoo, mama. Tuanze na tangazo, kwa kuwa hapo ndipo wageni wengi wanapokosea. Mkahawa unaotangaza kwamba hautumii nguruwe wala mafuta yake umesema hilo tu na si zaidi. Haujasema kwamba kuku wake amechinjwa kisheria, wala kwamba hautii pombe katika mapishi, wala kwamba vyombo vyake havichanganywi. Uthibitisho kamili nchini Malaysia ni cheti cha idara ya serikali iitwayo JAKIM, na nembo yake hubandikwa mahali pa wazi. Ukivuka kwenda Singapore, cheti kinachotolewa ni cha baraza liitwalo MUIS. Ukiona nembo, kaa. Usipoiona, uliza, na huko kuuliza si utovu wa adabu hata kidogo, kwa maana ni swali wanalolisikia kila siku. Ipo pia mikahawa midogo ya Waislamu isiyokuwa na cheti kwa sababu tu haijaomba, na kwa hiyo mwanao, aliyekwisha kuuzoea mtaa, atakuwa kiongozi mzuri kwako.

Asubuhi yako haitaharibika. Tafuteni mikahawa iitwayo mamak, ambayo wenyewe ni Waislamu wenye asili ya Kitamil na ambayo mingi haifungi mchana wala usiku. Humo utapata roti canai, ambayo ni jamaa wa chapati zetu za kusukuma, inayoletwa na mchuzi wa dengu, na chai nzito ya maziwa inayomiminwa kutoka kikombe hadi kikombe kwa mkono ulioinuliwa mpaka itoe povu. Tambi zao za kukaanga, mee goreng, zina yai, viazi, tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa), pilipili na ndimu pembeni. Sisi hatuzipendekezi asubuhi kwa mtu asiyezizoea, lakini jioni ni chakula kizuri sana.

Ila sahani ambayo tungesikitika ukirudi bila kuionja ni laksa, yaani tambi za supu ya viungo. Ziko za aina nyingi, na mbili kati yake zinatuhusu sana watu wa pwani. Ya kwanza ni laksa ya tui la nazi, yenye manjano, mchaichai, pilipili kavu na uduvi waliochachushwa na kusagwa; tambi hulala chini, na juu yake huwekwa kamba na choroko zilizochipua. Ya pili inatoka Penang na haina nazi kabisa. Supu yake ni ya samaki wa jamii ya vibua, waliochemshwa wakavurugwa, ikatiwa ukwaju mpaka ikawa chachu, kisha ikapambwa kwa vipande vya nanasi, tango, kitunguu kibichi na majani ya mnanaa. Mtu aliyekulia karibu na bahari ya Tanga ataonja viungo vyote anavyovijua vikiwa vimepangwa kwa namna ambayo hakuifikiria, na kwa maoni yetu hiyo ni sababu ya kutosha ya kupanda ndege. Tahadhari moja tu: baadhi ya wauzaji wa Kichina, hasa Penang, hutia vipande vya damu iliyoganda katika tambi zao za mchuzi wa nazi, basi hata hapo ulizeni kabla ya kuagiza.

Mkifika Singapore, kaleni katika vituo vya vibanda vya chakula, ambavyo utamaduni wake uliingizwa mwaka 2020 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa binadamu usioshikika. Vibanda vya Waislamu na vya wasiokuwa Waislamu huwa chini ya paa moja, ndiyo maana hata mahali pa kurudisha sinia pametengwa: pa halali peke yake, pa vyakula vingine peke yake. Ukikuta pakiti ya tishu juu ya meza isiyokuwa na mtu, ujue meza hiyo imekwisha kuchukuliwa, na mwenyewe yuko kwenye foleni.

SWALI: Nimechaguliwa kwenda Tokyo kwa mafunzo ya kazi. Napenda sana kula rameni, zile tambi za supu za Kijapani, lakini rafiki yangu anasema nikichagua ya chumvi au ya soya, badala ya ile ya mifupa ya nguruwe, nitakuwa salama. Naomba pia kuelezwa adabu za kule.
Kijana wa bandarini, Chumbageni

JIBU: Hongera kwa kuchaguliwa. Rafiki yako ana nia njema, lakini maelezo yake yana kasoro kubwa. Katika orodha ya vyakula ya Kijapani utaona majina manne yanayorudiwa: shio, shoyu, miso na tonkotsu. Jina la mwisho, ambalo asili yake ni Fukuoka, ndilo pekee linalotaja supu yenyewe, nayo ni mifupa ya nguruwe iliyochemshwa kwa saa nyingi hadi ikawa nyeupe kama maziwa. Matatu ya kwanza yanataja kikolezo kinachotiwa chini ya bakuli, yaani chumvi, mchuzi wa soya au soya iliyochachushwa. Supu inayomiminwa juu ya kikolezo hicho inaweza kuwa ya kuku, ya samaki, ya nguruwe, au mchanganyiko wa zote, na nyama inayopangwa juu kwa kawaida ni nguruwe hata pale supu inapokuwa ya kuku tupu. Kwa hiyo swali lako lisiwe ni rameni ya aina gani, bali supu imechemshwa kwa nini, kikolezo kina nini, na juu kunawekwa nyama gani.

Udon, ambazo ni tambi nene za ngano, na soba, ambazo zina unga wa bakwiti (mbegu zinazosagwa kama nafaka), huliwa katika supu ya samaki mkavu na mwani. Supu hiyo humvutia Mwislamu kwa kuwa haina nyama, lakini ujue kwamba mara nyingi hutiwa mirin, ambayo ni mvinyo mtamu wa mchele unaotumika kupikia. Hukumu ya hilo kaulize kwa mashekhe wako kabla ya safari. Sisi kazi yetu ni kukueleza kilichomo. Mtu mwenye mzio wa bakwiti naye asiziguse soba, kwa kuwa mzio huo unaweza kuwa mkali. La kufurahisha ni kwamba Tokyo sasa ina migahawa ya rameni ya halali, mingine ikiwa katika mtaa wa Asakusa unaopendwa na watalii, na msikiti mkuu wa mji huo, Tokyo Camii, una duka la bidhaa za halali ambamo utakutana na watu wa kukuelekeza.

Adabu ni chache na zinaeleweka. Katika migahawa mingi hulipi kwa mhudumu: mlangoni kuna mashine, unatia fedha, unabonyeza kitufe cha chakula unachotaka, na tiketi inayotoka unampa mpishi. Kuvuta tambi kwa sauti si aibu kule, kwa sababu hewa inayoingia pamoja nazo huzipoza na kuipeleka harufu ya supu puani. Bakshishi haitolewi, na ukiiacha mezani huenda mhudumu akakufuata barabarani kukurudishia. Viti huwa vichache na watu wanasubiri nje, basi ukimaliza kula, ondoka. Mazungumzo marefu yana mikahawa ya kahawa. Usichomeke vijiti wima ndani ya wali, wala usimpokeze mwenzako chakula kutoka kijiti hadi kijiti, kwa kuwa mambo hayo mawili ni ya mazishi.

SWALI: Nina maradhi ya shinikizo la damu. Kijana wangu anayeishi London anapenda kunipeleka katika migahawa ya Kivietinamu na ya Kijapani kila ninapomtembelea. Je, niache?
Mzee wa Makorora

JIBU: Shikamoo, mzee wetu. Daktari wako ndiye mwenye neno la mwisho, lakini tukueleze palipo na hatari. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kiasi kisichofika kijiko kimoja cha chai kilichojaa, na bakuli moja la rameni likinywewa lote laweza kufikia au kupita kiwango hicho. Chumvi nyingi imo katika supu. Kula tambi, mboga na nyama, uiache supu bakulini. Hakuna atakayekulaumu, na hata Wajapani wengi hufanya hivyo. Pho, yaani tambi za mchele za supu za Vietnam, ambayo utaipata kwa wingi Kingsland Road, ina nafuu moja, kwamba michuzi ya chumvi huwekwa mezani na wewe mwenyewe ndiwe unayeongeza. Iongeze ladha kwa ndimu, pilipili mbichi na majani, uuache mchuzi wa samaki, ukikumbuka kwamba supu yenyewe nayo imekwisha kutiwa chumvi jikoni. Tambi za pakiti, ambazo Momofuku Ando alizibuni huko Japani mwaka 1958 na ambazo kwa kawaida hukaushwa kwa kukaangwa, tunakuomba uziepuke kabisa, kwa kuwa kifuko chake cha unga wa viungo kina chumvi nyingi mno.

SWALI: Sijui kutumia vijiti. Nikiomba uma nitadharauliwa?
Msomaji, Pongwe

JIBU: Hapana. Omba uma bila wasiwasi. Huko Thailand wenyeji hula vyakula vingi vya wali kwa kijiko na uma, na vijiti huvitumia zaidi kwa tambi za supu.

SWALI: Mimi ni mama lishe. Je, naweza kupika laksa hapa Tanga na kuiuza, au viungo vyake havipatikani?
Mama lishe, karibu na stendi

JIBU: Unaweza, dada, na swali lako limetufurahisha kuliko yote. Karibu kila kitu kiko mlangoni kwako. Samaki na kamba wapo Deep Sea alfajiri, uduvi wakavu wapo sokoni, manjano, tangawizi, pilipili kavu na vitunguu havihitaji kutajwa, na mchaichai huenda umeota nyuma ya nyumba yako. Wamalesia husaga ndani yake kokwa zenye mafuta ambazo hapa hazipatikani, na wapishi wengi wa nchi nyingine huweka korosho badala yake, nasi korosho tunazo. Choroko loweka usiku kucha, zichuje, zifunike kwa kitambaa kibichi na uzioshe mara mbili kwa siku. Baada ya siku chache zitakuwa zimechipua.

Tambi za mchele zinauzwa katika maduka makubwa ya Dar es Salaam, lakini usizisubiri. Spageti za kawaida zikichemshwa katika maji yaliyotiwa kijiko kidogo cha magadi ya unga, yale ya kupikia keki, hupata rangi na mvuto unaokaribia tambi za Kichina. Saga viungo, vikaange kwa mafuta mpaka mafuta yajitenge, kwa kuwa hapo ndipo laksa inapopata harufu yake na wanaokosea hukosea kwa haraka ya hatua hii. Kisha tia maji ya vichwa vya kamba yaliyochujwa, halafu tui jepesi, na tui zito mwishoni kwa moto mdogo, ukikoroga ili lisikatike. Wateja wako wa Tanga wamezoea tambi tamu za sukari na iliki, basi waambie mapema kwamba hizi ni za chumvi na pilipili, na kwa siku za mwanzo wauzie vibakuli vidogo vya bei nafuu. Tambi zichemshwe kando na zipangwe katika bakuli kwanza, ndipo supu imiminwe juu ikiwa ya moto sana, kwa maana zikilazwa ndani ya sufuria zitainywa supu yote kabla mteja wa saa saba hajafika.